Mviringo Hauhitaji Ubao Mpana

(Mazungumzo na kamati za parokia na wafadhili wa karakana za vijana, Dodoma)



Nimeombwa nizungumzie mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Faida zake ni kubwa. Mchoro ukishaingizwa, kisu huufuata vilevile mara ya kwanza na mara ya hamsini. Migongo ya viti iliyopinda na fremu za vioo vya duara hutoka sawasawa. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, nyumba na ofisi zimeongezeka, na zote zinahitaji samani.

Lakini mashine haijui thamani ya ubao. Inakata ilichoambiwa. Tuchukue fremu ya kioo yenye kipenyo cha sentimita 60 kwa nje na 50 kwa ndani. Ukiichonga katika bapa la mbao la sentimita 60 kwa 60, umetumia sentimita za mraba 3,600, na fremu yenyewe ni kama 864 tu. Hata kitovu kikipata kazi nyingine, fremu itakuwa dhaifu, kwa sababu mahali fulani nyuzi za mbao zitakatiza upana wake, na hapo ndipo itakapovunjika.

Sasa nendeni kwenye rundo la mabaki nyuma ya karakana. Chagueni vipande 12, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 16.5 na upana wa 7. Kateni kila ncha mshazari wa digrii 15. Vikipangwa vinafunga duara. Eneo lake lote ni sentimita za mraba 1,386, tena ni mbao ambazo zimekwisha kulipiwa. Gundi haishiki vizuri ncha kwa ncha, kwa hiyo vipande viwe nusu ya unene unaotakiwa, kisha duara la pili ligandishwe juu ya la kwanza, maungio yakipishana kama matofali ukutani. Gundi ikikauka, ndipo mashine ichonge mviringo. Nyuzi zitakuwa zimefuata duara, na fremu itakuwa imara.

Mninga mwekundu ukipishana na mbao nyeupe ya msonobari, pambo linapatikana bila rangi ya dukani. Ila mbao hazifanani. Msonobari ni laini na mninga ni mgumu zaidi. Kisu kikienda haraka huchana ule laini. Pia mbao zote zikauke pamoja kivulini kabla ya kuunganishwa. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu sana, na mbao iliyoingia mbichi itasinyaa na kufungua maungio.

Najua swali la akina mama: mabaki yakienda karakana, jikoni kutabaki nini? Swali hili ni la haki, kwa kuwa rundo lile ndilo kuni za jiko la shule na za majirani. Kamati ziamue pamoja nao. Ushauri wangu ni kwamba kipande kisichofika sentimita 15, pamoja na maranda, kibaki cha jikoni. Kilichogandishwa gundi au kupakwa vanishi kisichomwe jikoni kamwe, maana moshi wake una madhara.

Sisi wa uwanda wa kati tunajua gharama ya kupoteza miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka vibaya. Wazee walioishi siku zile wanakumbuka. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na mti huchukua miaka mingi kuwa ubao.

Kwa hiyo naziomba kamati zitangulize mambo matatu kabla ya mashine. Kwanza, rafu ya mabaki yaliyotengwa kwa aina na unene. Pili, kielelezo cha kukatia digrii 15, ambacho fundi hukitengeneza mwenyewe kwa msumeno wa mkono. Tatu, daftari linaloonyesha mbao zilizonunuliwa na bidhaa zilizotoka. Ndugu wafadhili, ombeni kuliona daftari hilo kabla ya kutoa fedha. Karakana inayolijaza kwa miezi sita itatumia mashine vizuri. Isiyolijaza itaharibu mbao kwa kasi zaidi. Na mashine ikinunuliwa, iwe moja kwa parokia kadhaa jirani. Karakana moja haiwezi kuipa kazi kila siku.

Haba na haba hujaza kibaba.