Mzee Aliyepotea: Kutangaza Kitabu kwa Sauti ya Mtu wa Kubuni

Ninyi mliokusanyika darasani, sogeeni karibu na redio, na kila mwenye daftari na kalamu aviweke tayari, maana mwisho wa somo kuna maswali ya kuzungumza pamoja.

Leo tutatazama jambo linalomkabili mwandishi baada ya kazi ya kuandika kwisha. Kitabu kimepigwa chapa, kimejalidiwa, kimewekwa dukani. Je, nani atajua kwamba kipo? Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli, lakini hata kizuri hakijiuzi kikiwa kimefunikwa kapuni. Lazima mtu afunue kidogo, mpita njia apate kuona.

Mwandishi anaweza kufunua kwa njia nyingi. Njia moja ni kusimama yeye mwenyewe na kusema, "Nunueni kitabu changu, ni kizuri." Watu husikia, kisha huenda zao. Njia ya pili, nayo ndiyo somo letu la leo, ni mwandishi kunyamaza akamwachia mtu wa hadithi yake aseme. Mtu ambaye hakuzaliwa na mama anaandika barua, anatoa tangazo, analalamika gazetini, kana kwamba yu hai mjini pamoja nasi.

Mfano mzuri kabisa wa njia hii ni wa zamani, nao ulitokea katika mji wa New York, nchi ya Marekani, mwaka 1809. Tuusikilize hatua kwa hatua.

Tarehe 26 Oktoba mwaka huo, gazeti la New York Evening Post lilitoa tangazo dogo. Lilisema kwamba mzee mmoja mfupi, aliyevaa koti jeusi kuukuu, jina lake Knickerbocker, ametoka mahali alipokuwa akikaa na hajaonekana tena. Likaongeza kwamba yako mambo yanayofanya watu wadhani kuwa akili yake si timamu sana. Aliye na habari zake aombwa azipeleke katika hoteli iitwayo Columbian, mtaa wa Mulberry, au katika ofisi ya gazeti.

Siku chache baadaye ikatokea barua ya mtu aliyejiita Msafiri. Alisema amemwona mzee wa namna hiyo amekaa kando ya barabara akipumzika, ana kifurushi kilichofungwa kwa leso nyekundu. Alionekana amechoka sana, na safari yake ilielekea kaskazini.

Kisha, katikati ya mwezi wa Novemba, mwenye hoteli naye akaandika. Jina lake Seth Handaside. Alisema mzee bado hajarudi, lakini chumbani mwake kimekutwa kitabu cha ajabu kilichoandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kuwa mzee ana deni la chumba na chakula, basi asiporudi kulipa, kitabu hicho kitauzwa ili deni lipatikane.

Tarehe 6 Desemba, siku 41 baada ya tangazo la kwanza, kitabu kikatoka. Kilikuwa historia ya New York tangu kuumbwa kwa dunia mpaka mwisho wa utawala wa Waholanzi, na mwandishi wake, kwa kadiri ya jalada, ni Diedrich Knickerbocker.

Ndugu wasikilizaji, hapakuwa na mzee aliyepotea. Hapakuwa na Msafiri, wala Handaside. Wote watatu walitoka katika kichwa cha kijana wa miaka 26, Washington Irving, mzaliwa wa New York. Kitabu chenyewe wataalamu hawakiiti riwaya kamili. Ni historia ya dhihaka, inayowacheka wakuu wa zamani na waandishi wa historia wanaojiona. Lakini msimulizi wake ni mtu wa kubuni kama wa riwaya yoyote. Ili siri isivuje, Irving alikipeleka kitabu kupigwa chapa mbali, katika mji wa Philadelphia.

Sasa tujiulize: kwa nini hila hii ilifaulu? Naona sababu tatu. Ziandikeni.

Ya kwanza: sauti ya nje ya kitabu na sauti ya ndani ni moja. Msomaji aliyekifungua alikutana na Handaside yule yule katika kurasa za mwanzo, akieleza habari za mgeni wake wa ajabu. Kwa hiyo matangazo yale yalikuwa kama ukurasa wa kwanza wa hadithi, uliosomwa na mji mzima bila kulipa. Tangazo likichekesha na kitabu kikawa kikavu, mnunuzi atasema ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ya pili: kila tangazo lilijibu swali moja na kuacha jingine. Mzee yuko wapi? Ameonekana njiani. Basi anakwenda wapi? Hatujui, ila ameacha kitabu. Kitabu gani hicho? Subiri. Hivyo ndivyo bibi zetu walivyotusimulia hadithi jioni, wakikatiza palipo patamu ili kesho tuwahi mapema.

Ya tatu: mtu wa kubuni alikuwa na mambo madogo yanayoonekana kwa macho: koti kuukuu, leso nyekundu, deni la hoteli. Hakuna aliyeambiwa kwamba mzee huyo ni wa ajabu na wa kupendeza. Watu walimwona, wakaamua wenyewe.

Irving hakuwa wa kwanza kucheza mchezo wa namna hii. Wengi wenu mmesikia habari za Gulliver na safari zake. Kitabu hicho kilipotoka London mwaka 1726, jina la Jonathan Swift, aliyekitunga, halikuwamo. Liliwekwa jina la Gulliver mwenyewe, na picha yake pia. Katika chapa ya mwaka 1735 ikaongezwa barua ya Gulliver kwa binamu yake, akinung'unika kwamba wapiga chapa wameharibu maneno yake!

Lakini tusishangilie tu. Somo hili lina upande wa pili, nao ni mzito.

Husimuliwa katika habari za maisha ya Irving kwamba mkuu mmoja wa mji alimwendea ndugu yake kuuliza kama inafaa itolewe zawadi kwa atakayempata mzee Knickerbocker. Fikirini jambo hilo. Mtu mwenye kazi nyingi ameacha shughuli zake kwa huruma, kumtafuta mzee asiyekuwako. Huruma ni amana. Tangazo la mtu aliyepotea ni amana kubwa zaidi. Ikiwa juma lijalo mzee wa kweli atapotea, mwenye akili pungufu na koti kuukuu, nani atatoka kumtafuta? Mnakijua kisa cha mchunga aliyezoea kupiga kelele za uongo kwamba chui amekuja. Siku chui alipokuja kweli, kijiji hakikutoka. Na siku hizi, ambapo tangazo hupita kutoka simu hadi simu na kufika nchi nzima kabla ya jua kuchwa, hatari hiyo imezidi.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Ufundi wa Irving tuuige, lakini ombi lake la msaada tusiliige. Mtu wa kubuni na aseme, acheke, agombane, alalamike. Asiombe watu watoke usiku kumtafuta, asiombe fedha, asitangaze ugonjwa wala ajali. Na msomaji awe na mlango wa kutokea: mahali fulani aweze kutambua kwamba huu ni mchezo, naye amealikwa kucheza.

Tuseme wewe umeandika hadithi ya utingo wa lori. Kila juma mpe nafasi aandike barua fupi gazetini juu ya aliyoyaona njiani: abiria aliyeficha kuku chini ya kiti, dereva asiyekubali kwamba amepotea njia. Mwisho wa barua weka jina lake na jina la kitabu anamotoka. Usimwache asimulie mwisho wa hadithi. Je, utamu utapungua kwa kuwa watu wanajua? Hapana. Mtoto anajua sungura hasemi, na bado anataka kujua sungura alimjibu nini fisi.

Irving mwenyewe aliishi kuona matunda ya mzee wake. Baadhi ya watu wa koo za zamani za Kiholanzi waliudhika, lakini jina la Knickerbocker lilishika. Likawa jina la watu wa New York, na hata leo kundi la mpira wa kikapu la mji huo, lililoanzishwa mwaka 1946, linaitwa kwa kifupisho chake, Knicks. Mzee asiyekuwako amewazidi maisha wengi waliokuwako.

Sasa maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini sauti ya tangazo na sauti ya kitabu zipatane?
2. Ungekuwa mhariri wa gazeti mwaka 1809, nawe wajua siri, ungelitoa tangazo la kwanza? Toa sababu.
3. Chagua mtu mmoja katika hadithi uliyoiandika. Mwandikie barua ya mistari kumi kwa mhariri, bila kutaja mwisho wa hadithi.

Kazi zenu zisomwe kwa sauti mbele ya wenzenu. Wakicheka palipo pa kuchekea, mmefaulu. Kwa leo tunaishia hapa. Kwaherini, mpaka somo lijalo.