Tschüss Imewakosea Nini Wabavaria?

Msikilizaji wetu anayejifunza Kijerumani anauliza: kwa nini kitabu chake kinamfundisha kuaga kwa tschüss, ilhali mwenzake aliyeko Munich anaambiwa hilo ni neno la watu wa kaskazini? Ndugu yangu, umechokoza nyuki! Mwaka 2012 mwalimu mkuu wa shule moja mjini Passau, kule Bavaria mpakani na Austria, aliitangaza shule yake kuwa eneo lisilo na hallo wala tschüss. Hoja yake ilikuwa adabu: kijana anayekwenda kuomba kazi aseme Grüß Gott akiingia, na Auf Wiedersehen akitoka. Kesi hiyo ndiyo tunayoisikiliza leo, na mshtakiwa ni neno la silabi moja.

Tuanze na ukoo wake. Kabla ya tschüss kulikuwa na atschüs, na kabla yake adjüs, neno la Kijerumani cha pwani ya kaskazini. Wataalamu wanabishana kama lilitoka kwa Wahispania na adiós yao au kwa majirani wenye adieu, lakini mizizi ni ile ile ya Kilatini, ad deum, yaani kwa Mungu. Narudia: kwa Mungu! Wasuabia, majirani wa Wabavaria, nao huagana kwa ade, iliyopitia Ufaransa tangu Zama za Kati. Na pfiat di, fahari ya Wabavaria, ni ufupisho wa “Mungu akulinde”, ila Mungu mwenyewe ameachwa njiani. Kwa hiyo neno linaloshtakiwa kwa utovu wa adabu lilizaliwa likiwa dua, sawa na maneno ya hao wanaolishtaki. Kama kosa ni ugeni, basi servus, inayopendwa Munich hadi Vienna, nayo iondoke: ni Kilatini kitupu, “mtumwa wako”, maana ile ile iliyozaa ciao ya Venice.

Mtu atanipinga: asili ya neno siyo maana yake ya leo, na hakuna anayesikia dua katika tschüss. Ni kweli. Basi tulipime kwa matumizi. Muuza duka wa Hamburg humwambia tschüss hata mteja anayemwita Sie, yaani kwa heshima, na mteja hanuni. Ufidhuli haumo nenoni. Umo katika sikio la Mbavaria, na sikio hilo lina historia. Mwaka 1866 Bavaria ilipigana upande wa Austria ikashindwa na Prussia, dola la kaskazini, na mwaka 1871 ikaingia katika dola la Wajerumani lililoongozwa na mfalme wa Prussia. Hadi leo mtu wa kaskazini huitwa Preiß, Mprusia, hata kama kwao ni Hamburg. Wala Wabavaria si wa kwanza kulipiza kisasi kwa maneno: Vita Kuu ya kwanza ilipoanza, Wajerumani walihimizwa waache kusema adieu kwa kuwa ilinuka Ufaransa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: lugha ya nyumbani isipolindwa, hufa. Ramani za matumizi ya kila siku zilizokusanywa na wanaisimu Stephan Elspaß na Robert Möller zinaonyesha kuwa tschüss imeshashuka kusini. Lakini tazama dawa ya Passau. Mahali pa tschüss pamewekwa nini? Auf Wiedersehen! Si pfiat di, si servus, bali salamu rasmi ya Wajerumani wote, iliyofinyangwa kwa mfano wa au revoir ya Kifaransa. Mgeni kafukuzwa, kaletwa mgeni mwingine mwenye tai, na mwenye nyumba bado yuko nje. Anayetaka pfiat di iishi na awaage nayo wanafunzi wake kila jioni langoni, wao wenyewe wataibeba hadi kazini. Laini za simu ziko wazi: anayemtetea mwalimu mkuu wa Passau, apige sasa.