Gurudumu Lijipakalo Mafuta

Maneno ya mazungumzo kwa wenye magari ya ng'ombe, wenye baiskeli, na wote watumiao magurudumu katika kazi zao



Hapana mkulima asiyeijua sauti ya gari la ng'ombe lililokosa mafuta. Husikika kutoka ng'ambo ya mto, kabla gari lenyewe halijaonekana, na watoto hukimbilia njiani kulitazama. Pengine mwenye gari amekwisha izoea sauti ile, hata huidhani kuwa ni tabia ya magari, kama kuwika kulivyo tabia ya jogoo. Kumbe kila mlio ule unapotoka, chuma kinakula chuma, au chuma kinakula mti, na ng'ombe ndio wanaolipa kwa nguvu zao. Kisha huja siku moja katika msimu wa mavuno, gari limejaa magunia ya mahindi na mawingu yamekusanyika, ekseli ikakatika katikati ya mlima. Mahindi hunyeshewa, soko hupita, na mwenye gari hurudi nyumbani akilaumu bahati yake.

Bahati haina kosa katika jambo hili. Kosa ni la mafuta yaliyosahauliwa. Na kwa kuwa kusahau ni desturi ya wanadamu wote, mafundi wa nchi nyingi walijiuliza tangu zamani: Je, haiwezekani kutengeneza gurudumu ambalo halimngojei mtu alikumbuke, bali hujipaka mafuta lenyewe kila linapozunguka?

ADUI WA GURUDUMU

Mtu akisugua viganja vyake vikiwa vikavu, huona joto upesi. Akivipaka mafuta ya nazi, huteleza wala havipati joto. Hayo ndiyo yanayotokea ndani ya kitovu cha gurudumu, pale panapoingia ekseli. Kitovu kikiwa kikavu, nguvu za ng'ombe ambazo zingalisukuma mzigo mbele hugeuka kuwa joto na vumbi la chuma. Msuguano huo ni mwizi asiyeonekana, na huiba mchana kutwa.

Watu wa kale walijua dawa yake. Walipaka ekseli mafuta ya wanyama, wengine wakachanganya na lami. Lakini dawa hiyo ilikuwa na upungufu. Uzito wa mzigo huyakamua mafuta yakatoka nje, na vumbi la barabara likaingia mahali pake. Vumbi likichanganyika na mafuta machache yaliyobaki, huwa kama msasa wa seremala. Basi ilimpasa mwenye gari kulivua gurudumu mara kwa mara, kusafisha, na kupaka tena. Akichoka au akisahau, hasara ilikuwa yake.

KOFIA YA SHABA YA BWANA COLLINGE

Huko Lambeth, katika mji wa London, palikuwa na fundi jina lake John Collinge. Mwaka 1792 alipewa hati ya serikali ya kuilinda kazi yake, ili mwingine asiiige bila ruhusa. Kazi yenyewe ilikuwa ekseli ya magari ya farasi, na yafaa kuieleza kwa taratibu, maana kila sehemu yake ilikuwa na sababu.

Ekseli ilikuwa ya chuma kilichotiwa ugumu kwa moto, nayo ilichongwa ikawa mviringo sawasawa. Ndani ya kitovu cha mti alitia bomba la chuma lililolingana na ekseli ile, likaacha nafasi nyembamba tu ya kupitisha mafuta. Upande wa ndani, karibu na mwili wa gari, aliweka ukingo wa chuma pamoja na pete ya ngozi, ili mafuta yasitoke wala vumbi lisiingie. Upande wa nje alifunga nati mbili. Moja hukazwa kwa kuzungushwa kuume, na ya pili kwa kuzungushwa kushoto, ili gurudumu likijaribu kuilegeza moja liwe linaikaza nyingine. Mbele yake akapitisha pini. Mwisho wa yote ilikazwa kofia ya shaba, kama kifuniko cha chupa, na ndani ya kofia hiyo yalikaa mafuta.

Hapo ndipo palipo na akili ya kazi hii. Kofia imefungwa kwenye kitovu, kwa hiyo gurudumu likizunguka nayo huzunguka. Mafuta yaliyomo hutikiswa na kupandishwa, kisha hupenya kati ya bomba na ekseli. Yakifika upande wa ndani hukuta nafasi nyingine iliyoachwa makusudi, yakakaa humo kama akiba. Gurudumu likisimama, mafuta hutulia. Likianza safari, hurudi kazini. Dereva hana haja ya kushuka.

Gari lenye ekseli za namna hii liliweza kwenda miezi kadhaa bila kuongezwa mafuta. Lakini kazi yake ilihitaji ufundi mwingi na vipimo vya halisi, na bei yake ilikuwa kubwa. Kwa hiyo ilianza katika magari ya matajiri, na maskini aliendelea na kopo lake la mafuta.

MAFUTA YANAYOBEBA MZIGO

Kwa muda mrefu watu walijua ya kuwa mafuta husaidia, wasijue husaidia kwa njia gani. Jibu lilionekana karibu miaka mia moja baada ya Collinge, nalo lilionekana kwa bahati.

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akifanya majaribio kwa ajili ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Uingereza. Alikuwa na ekseli nene kiasi cha inchi 4, mfano wa ekseli za mabehewa ya reli. Juu ya ekseli aliweka kipande cha shaba kilichobeba mzigo, na upande wa chini ekseli iligusa mafuta yaliyokuwa ndani ya chombo. Kisha akatoboa tundu juu ya ile shaba, akikusudia kutilia mafuta.

Ekseli ilipozungushwa, mafuta hayakushuka kwa tundu lile. Yalipanda na kumwagika nje. Tundu likazibwa kwa kizibo, kikasukumwa kikatoka. Likazibwa kwa kijiti cha mti kilichogongwa kwa nguvu, nacho kikasukumwa polepole kikatoka. Mwishowe Tower alifunga hapo saa ya kupimia nguvu, na mshale wake ukapita ratili 200 kwa kila inchi ya mraba, hali mzigo wote ukigawanywa juu ya shaba ile ulikuwa kama ratili 100 tu.

Maana yake ni kubwa. Ekseli inayozunguka huyavuta mafuta na kuyaingiza kwa nguvu katika nafasi nyembamba, na mafuta hayo hunyanyua mzigo wote. Chuma hakigusi shaba tena. Kinaelea juu ya utando wa mafuta, kama mtu anayeteleza juu ya matope baada ya mvua. Mwaka 1886 mwalimu wa chuo cha Manchester, Osborne Reynolds, aliitoa hesabu ya jambo hilo.

Basi gurudumu ni pampu yake lenyewe. Likipewa mafuta safi, nafasi iliyo sawa, na mwendo, litafanya kazi iliyobaki. Linapoanza tu kuondoka, au linapokwenda polepole mno na mzigo mzito, utando ule huwa mwembamba, na hapo ndipo ekseli hulika zaidi.

RELI, NA HATARI YA KUSAHAU

Katika mabehewa ya reli ya zamani, kila mwisho wa ekseli ulikuwa na sanduku la chuma. Ndani yake ziliwekwa nyuzi za sufi zilizoloweshwa mafuta, nazo ziliigusa ekseli kutoka chini na kuipaka kila ilipozunguka. Lakini hata sanduku hilo lilihitaji mtu wa kulifungua, kulitazama na kulijaza. Watu wengi waliajiriwa kwa kazi hiyo moja tu, kopo la mafuta mkononi.

Mmoja wao alikuwa Elijah McCoy, mtu mweusi aliyezaliwa Kanada na wazazi waliotoroka utumwa huko Kentucky katika Marekani. Alipelekwa Edinburgh, akajifunza uhandisi. Lakini aliporudi, kwa sababu ya rangi yake hakupata kazi ya elimu yake. Aliajiriwa na reli kuwa mchochea moto na mpaka mafuta. Hakukunja mikono kwa huzuni. Aliitazama kazi aliyopewa, akatengeneza chombo cha kuitilia injini ya mvuke mafuta ingali ikifanya kazi, bila kuisimamisha. Hati yake ya kwanza aliipata mwaka 1872, na baada ya hiyo alipata nyingine nyingi.

Mtu aweza kuuliza: Je, tone la mafuta ni jambo kubwa kiasi hicho? Na asikilize habari ya mji wa Mississauga, katika Kanada. Usiku wa tarehe 10 Novemba 1979, karibu na saa sita, treni ya mabehewa 106 ilikuwa ikipita hapo, na mengine yalichukua gesi na dawa za hatari. Behewa moja lilikuwa na ekseli iliyokosa mafuta ya kutosha. Ilipata moto, ikakatika, na mabehewa mengi yakaacha njia. Gesi ililipuka, na tangi moja la klorini, hewa yenye sumu, likatoboka. Watu zaidi ya 200,000 walihamishwa makwao. Kwa rehema hakuna aliyekufa. Asili ya yote hayo ilikuwa ukavu katika mahali padogo panapoweza kufunikwa kwa mikono miwili.

Baadaye reli za dunia ziliziacha sehemu za namna ile na kushika beringi za vyuma vya mviringo, zilizofungwa pamoja na grisi yake ndani, vumbi lisipate mlango.

DAWA ILIYO KARIBU NA NYUMBANI

Mwenye gari la ng'ombe hana haja ya shaba ya London ili apate faida ya elimu hii. Iko njia ambayo fundi wa kijiji aweza kuifuata, nayo ni kitovu chenye kipande cha mti kilichonyweshwa mafuta.

Huchaguliwa mti mgumu, uliokauka kabisa, usio na ufa. Hukatwa kipande cha kuingia katika kitovu, na katikati hutobolewa tundu la ekseli. Kisha kipande hutiwa katika mafuta na kupashwa moto taratibu. Povu litatoka, nalo ni hewa na unyevu vinavyoukimbia mti. Povu likipungua, moto huondolewa, lakini kipande huachwa humo humo hata kipoe. Wakati wa kupoa ndio mti unapokunywa mafuta, kwa kuwa nafasi zilizoachwa na hewa sasa zinayavuta ndani. Baadaye tundu hupimwa tena na kusawazishwa, kwa sababu huenda mti umenywea.

Kipande kile kikiwa kazini, ekseli hukipasha joto kidogo, na mafuta hujitokeza mahali panaposuguliwa. Mwendo wa ng'ombe ni wa polepole, kwa hiyo mti huweza kuuvumilia. Haufai kwa gari la mwendo mkali. Na kipande kikilika, kinachotupwa ni mti wa bei ndogo, na ekseli imesalimika.

Lakini ni lazima ekseli iwe laini. Ekseli yenye kutu huukereza mti kama tupa. Tena, kazi ya kuchemsha na ifanywe nje, mbali na nyumba za nyasi na mbali na watoto. Chungu kisijazwe, maana mti wenye maji huyafurisha mafuta yakamwagikia motoni. Mafuta yakiwaka, yafunikwe kwa kifuniko cha chuma. Asithubutu mtu kuyamwagia maji, kwani maji huutawanya moto.

Mwenye baiskeli naye asijidhani kuwa hayamhusu. Vitovu vingi vya baiskeli za zamani vina tundu dogo lenye kifuniko, mahali pa kutilia mafuta. Kifuniko kile kikipotea, mchanga huingia kwa mlango ule ule wa mafuta, na gololi huliwa mmoja mmoja.

Hili ndilo neno la kukumbukwa katika habari zote hizi. Gurudumu lijipakalo mafuta humwondolea mwenye gari kazi ya kila siku, lakini halimwondolei ulinzi. Kofia ya Collinge haikuwa na faida ikiwa tupu, na sanduku la reli halikuokoa kitu lilipokauka. Kabla ya msimu wa mavuno, mwenye gari na alivue gurudumu, aitazame ekseli, afute vumbi, aangalie kama pete ya kuzuia mchanga ingali nzima, na ajaze akiba. Kazi hiyo haimalizi asubuhi moja. Wazee walikwisha sema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mwenye gari asipoziba tundu la vumbi, atanunua ekseli mpya, na mahindi yake yatalala njiani chini ya mvua.