Kuihifadhi Nafsi Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mwili na roho, Mwenye kuteremsha maradhi na dawa zake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni pamoja na kuziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Khutba yetu ya leo inahusu jambo linalonong'onwa majumbani wala halisemwi hadharani, nalo ni hali ya nafsi ya mtu pale maradhi ya kuambukiza yanapouingia mji.

Ndugu Waislamu, sote tunaukumbuka mwaka wa 2020. Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13 Machi, na kabla ya mwezi kwisha milango ya misikiti ilikuwa imefungwa na watu wamekatazwa kutoka usiku. Maziko yaliwekewa mpaka wa watu 15. Mwaka huo hata Hija ilihudhuriwa na watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Wapo waliofiwa na mzazi wasimwone uso, wala wasipate wa kuwashika mkono na kuwapa taazia. Mwezi wa Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hilo maradhi ya wasiwasi na ya huzuni nzito yaliongezeka ulimwenguni kwa asilimia 25. Dharura ile ilitangazwa kuwa imekwisha mwezi wa Mei 2023, lakini ziko nyumba ambamo majonzi yake hayajesha. Na maradhi mengine, kama kipindupindu, hayaachi kutuzukia.

Katika siku kama hizo huzuka kauli moja yenye madhara makubwa. Mtu akisema halali usiku, moyo wamwenda mbio, chakula hakimshuki, huambiwa: imani yako imepungua. Basi hunyamaza. Huswali pamoja na watu na kucheka pamoja nao, na ndani anaungua. Enyi waumini, kauli hiyo si ya haki, wala dini haikuileta.

Tazameni walivyokuwa wabora wetu. Nabii Yaaqub (A.S.), aliyekuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe kwa huzuni, na Qur'ani imetusimulia habari hiyo bila ya kumlaumu. Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba zake. Na mwaka aliofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, wanazuoni waliuita Mwaka wa Huzuni. Je, nani atathubutu kusema kwamba imani ya hao ilipungua?

Na hofu nayo vivyo hivyo. Katika zama za tauni ya Amwas, iliyoenea Shamu mwaka wa 18 Hijria, unaolingana na 639 Miladia, Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa safarini kwenda huko. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari ya maradhi. Hakujitia ushujaa wa kuingia, wala hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akawataka shauri, hata akaazimia kurudi. Abu Ubaida (R.A.) alimwuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kwamba anatoka katika kadari moja kuiendea nyingine, kama mchunga ngamia aliye baina ya bonde lenye majani na bonde kavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Tunajifunza hapa kwamba hofu ikiongozwa na akili na mashauriano huwa hadhari, na hadhari ni ibada. Hofu inayoachwa bila ya kiongozi ndiyo inayokula moyo.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili mapema. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, alitunga kitabu kuhusu maslaha ya miili na nafsi. Alieleza kwamba mtu aweza kuishi asipatwe na baadhi ya maradhi ya mwili, lakini hakuna anayesalimika na maudhi ya nafsi, nayo ni ghadhabu, huzuni, hofu na wasiwasi. Akausia kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, ndivyo aweke akiba ya fikra njema siku za utulivu, apate kuitumia siku ya shida. Tena akapambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyojulikana itokako. Hii ya pili akaiona kuwa asili yake imo mwilini, nayo yahitaji pia tiba ya mwili.

Basi, enyi wenye majumba, shikeni mambo haya.

Kwanza, chungeni masikio yenu. Asiyezima redio na simu usiku kucha, akihesabu waliokufa, haongezi kinga ila huongeza kiwewe. Sikilizeni habari kwa wakati maalumu, kutoka kwa wenye ujuzi, kisha mfunge; wala msisambaze uvumi, kwani huenda ukamwua mnyonge kabla ya maradhi kumfikia.

Pili, ipeni siku mpango wake. Sala tano ni nguzo za mchana na usiku. Msikiti ukifungwa, nyumba iwe msikiti. Watoto wawe na saa ya chuo, saa ya kucheza na saa ya kulala, na waambiwe ukweli kwa kadiri ya akili zao, maana mtoto huisoma hofu katika uso wa mzazi.

Tatu, msimwache mtu peke yake. Karantini ni ya miili. Mioyo haikuwekewa karantini. Mgonjwa aliyetengwa apigiwe simu, aliyefiwa apelekewe chakula mlangoni. Bi Aisha (R.A.), kukitokea msiba katika jamaa zake, aliamrisha upikwe uji wa shayiri uitwao talbina, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kwamba humtuliza mgonjwa moyo na kumwondolea mtu sehemu ya huzuni. Na aliyenyimwa matanga kwa ajili ya maradhi, mpeni nafasi ya kulia na kumtaja maiti wake hata kama miaka imepita.

Nne, nendeni kwa tabibu. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, wala hakulitenga gonjwa la kichwani na la tumboni. Mji wa Halab mwaka wa 1354 Waislamu walijenga hospitali ya Arghun, iliyokuwa na vyumba vya wagonjwa wa akili na chemchemi za maji za kuwatuliza. Basi mtu akikosa usingizi wiki baada ya wiki, akajitenga, au akasema heri afe, msimcheke wala msimpe mawaidha matupu. Kaeni naye, msimwache faraghani, mwondoeni karibu na vitu vya kujidhuru, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mwombeeni dua njiani, kwani dua na dawa haziharibiani.

Enyi Waislamu, nafsi ni amana. Siku tutakayosimama mbele ya Mola wetu hatutaulizwa kwa nini tulihuzunika. Tuchelee kuulizwa kuhusu jirani aliyezama katika huzuni na sisi tukimwona.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wa mwili na wa nafsi. Warehemu waliotutangulia bila ya jamaa zao kuwaona. Watulize wasiolala, uwape nguvu madaktari na wauguzi, na utujaalie tuwe faraja kwa wenzetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.