Kile Meli Isichoweza Kupakia: Utalii wa Meli, Vyombo Vilivyozama na Nafasi ya Kwale

Mada kwa semina ya wadau wa utalii na uvuvi, Diani, Kaunti ya Kwale



1. Utangulizi

Kila kaskazi inapotulia, meli za watalii huingia bandari ya Kilindini. Mamlaka ya Bandari ya Kenya imejenga kituo maalumu cha kuwapokea abiria wake, na mwanzoni mwa 2024 meli ya Norwegian Dawn ilifunga gatini na watalii zaidi ya elfu mbili kwa mkupuo mmoja. Mabasi hujipanga, yakawachukua wageni hao kwenda Tsavo Mashariki, Fort Jesus na Mji wa Kale. Jioni wanarudi melini, na kesho meli imekwenda zake. Sisi wa ng'ambo ya Likoni mara nyingi fungu letu huwa ni kuiona ikipita kwa mbali.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mada hii inauliza mwenyeji wa Kwale ataponaje. Jibu langu ni kwamba hatutapata riziki kwa kushindana na starehe za melini. Tutaipata kwa kile ambacho meli haiwezi kukipakia: matumbawe, misitu, mikoko, na vyombo vilivyolala chini ya maji. Lakini sharti ujuzi wa kuvionyesha na kuvilinda uwe mikononi mwa watu wa pwani hii wenyewe. Bila ujuzi huo, hata vikijaa wageni, faida itapita juu ya vichwa vyetu.

2. Meli zimekuwa miji

Tarehe 27 Januari 2024 meli ya Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean ilianza safari yake ya kwanza ya abiria kutoka Miami, Marekani. Ina ukubwa wa tani 248,663, sitaha 20, na inaweza kubeba abiria wapatao 7,600. Ndani yake mna mabwawa saba ya kuogelea, mitelezo sita ya maji, na uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Kampuni hiyohiyo ina kisiwa chake huko Bahamas, ambako abiria hushuka wakacheza ufuoni na kula bila ya kuondoka mikononi mwa kampuni.

Biashara hii tuielewe vizuri. Kila saa ambayo abiria yumo melini ni saa ya kutumia fedha zake humohumo: kwenye maduka, mikahawa na michezo. Kila kivutio kipya kinachowekwa ndani kinampunguzia abiria sababu ya kushuka. Kwa hiyo mshindani wa mwenye mashua wa Shimoni si mwenye mashua wa Malindi. Mshindani wake ni meli yenyewe.

Meli za ukubwa ule haziji kwetu. Zinazofika Mombasa ni ndogo kuliko hizo, na wengi wa abiria wake wamechagua Bahari ya Hindi kwa sababu wanataka kuona mahali. Hao ndio wageni wetu. Tena njia imefunguka: tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike mwaka 2024, basi linaweza kutoka upande wa bandari hadi Kwale bila kungoja feri. Wanachokuja kukiona tunacho. Kisite-Mpunguti ina matumbawe na pomboo. Wasini kina mama wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale. Gazi wanakijiji wanauza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013. Kaya Kinondo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na misitu mingine ya kaya za Wamijikenda tangu 2008. Shimba Hills ina palahala. Na hapa Diani, nje ya mwamba, tuna meli iliyozamishwa kwa makusudi.

3. Funzo la Alpha Funguo

Mwaka 2002 chombo cha uvuvi kiitwacho Alpha Funguo kilizamishwa nje ya mwamba wa Diani ili kiwe makao ya samaki na mahali pa wazamiaji kutembelea. Kimelala katika kina cha takriban mita 28. Mwaka huohuo, upande wa kaskazini ya Mombasa, ilizamishwa Dania, meli iliyokuwa ikisafirisha mifugo.

Kuzamisha meli kwa namna hii ni kazi ya hesabu. Kwanza chombo huoshwa: mafuta yote hutolewa, pamoja na grisi, nyaya, plastiki, rangi zenye sumu na kila kitu kinachoweza kung'oka kikaelea. Milango hutolewa na matundu hukatwa ubavuni ili mzamiaji aliyeingia ndani aone mwanga wa kutokea. Halafu huchaguliwa mahali penye mchanga, si juu ya matumbawe hai, penye kina ambacho mawimbi ya kusi hayatakivingirisha chombo. Mkataba wa London wa 1972 unatofautisha kutupa takataka baharini na kuweka kitu baharini kwa kazi maalumu. Tofauti hiyo huonekana katika usafi wa chombo na sababu ya kukizamisha. Hapa kwetu, sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini ifanywe kwanza, na wavuvi wa eneo husika wasikilizwe.

Baada ya hapo bahari hufanya kazi yake. Chuma huota utando wa mwani, kisha hushikwa na chaza na sponji, halafu matumbawe laini. Samaki wadogo hujificha ndani, na wakubwa huwafuata. Anayeshuka kwenye chombo kama hiki huanzia kwenye boya. Hushika kamba kwa mkono mmoja, kwa kuwa nje ya mwamba mkondo una nguvu, huku akisawazisha masikio kila baada ya mita moja au mbili. Bahari ya kaskazi ikiwa safi, umbo la chombo huonekana kabla ya kulifikia. Akifika, huangalia saa, kwa maana katika kina hicho ana dakika ishirini hivi tu za kukaa kabla hajalazimika kupanda polepole. Chewa hukaa mahali pa giza, mkunga huchungulia kutoka kwenye bomba, na kolekole huzunguka kwa makundi juu yake.

Hapo ndipo penye funzo. Cheti cha kwanza cha uzamiaji wa burudani kinamruhusu mtu kufika mita 18. Ili kushuka mita 28 lazima awe na cha pili, kinachofikia mita 30. Na ili kuwaongoza wageni chini ya maji kwa malipo, anahitaji mafunzo marefu zaidi. Kijana wa Galu au Mwaepe aliyezaliwa kando ya bahari, aliyejua kuogelea kabla ya kusoma, anaweza kubaki mbeba mitungi maisha yake yote kwa kukosa ada ya vyeti hivyo. Bahari ni yetu, chombo kimelala kwetu, na mshahara mnono unakwenda kwa mwenye karatasi. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulinyamazia.

4. Njia tatu za chombo kilichozama

Meli ikishazama, zipo njia tatu za kuishughulikia, na zote tatu zina mifano katika Afrika Mashariki.

Ya kwanza ni kuiopoa. Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika mwezi Julai 1916 ili isitekwe. Walikuwa wameipaka mitambo yake grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, wakaikarabati, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Iliwahudumia watu wa Kigoma na vijiji vya ziwani kwa vizazi kadhaa.

Ya pili ni kuitunza kama urithi. Manowari ya Wareno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, wakati ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Kati ya 1977 na 1980 Makavazi ya Taifa ya Kenya na Taasisi ya Akiolojia ya Baharini waliichimba chini ya maji, wakatoa maelfu ya vitu ambavyo baadhi yake vinaonekana leo ndani ya ngome. Kiunzi chenyewe cha meli kiliachwa mahali pake kikafunikwa tena. Huko Ngomeni karibu na Malindi, wataalamu wa Makavazi wamechunguza meli nyingine ya kale ya Wareno iliyobeba shaba na pembe za ndovu, na wavuvi wa pale wamekuwa walinzi wake. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unafuata msimamo huohuo: mabaki yaliyokaa majini miaka mia yaachwe mahali pake kwanza, na yasifanywe biashara.

Ya tatu ni hii ya Alpha Funguo: kukifanya chombo kuwa mwamba. Kwale inaweza kufaidika na ya pili na ya tatu. Ila njia hizi zisichanganywe. Mvuvi anayenasa chungu cha kale au ubao wenye misumari ya mkono asidhani amepata kitu cha kuuza ufuoni. Kikishang'olewa mahali pake, kisa chake kimekatika, na mgeni wa kesho hana cha kuja kukiona.

5. Ajali haingoji mafunzo

Meli zikiongezeka, uwezekano wa ajali nao unaongezeka. Meli ya watalii Costa Concordia iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32. Kuisimamisha, kuielesha na kuiburuta hadi Genoa kulichukua hadi Julai 2014, na gharama ilipita dola bilioni moja, zaidi ya fedha zilizoijenga. Jirani yetu Morisi ilipata msiba wake tarehe 25 Julai 2020, meli ya mizigo Wakashio ilipopanda mwambani na kumwaga takriban tani elfu moja za mafuta. Wananchi walishona vizuizi vya kuelea kwa majani ya miwa na nguo ili kuokoa mikoko yao.

Kwetu tunayo kumbukumbu chungu zaidi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati, wakafa watu 272, wengi wao wa upande wetu. Na tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, na mama na mtoto wake waliokuwamo wakapotea majini. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi, kwa kazi ya Jeshi la Wanamaji na wazamiaji wa kuajiriwa, wakiwemo wa kutoka Afrika Kusini. Familia ilikaa ukingoni siku zote hizo ikingoja. Uzamiaji, basi, haumfai mtalii peke yake. Siku ya msiba, ujuzi huo ndio humrudisha maiti kwa wazazi wake.

Iko sheria ya dunia inayobeba jina la mji wetu mkuu: Mkataba wa Nairobi wa kuondoa mabaki ya meli, uliopitishwa 2007 na kuanza kutumika Aprili 2015. Unamtaka mwenye meli alipe gharama za kuyatafuta, kuyawekea alama na kuyaondoa mabaki yenye hatari, na meli yoyote ya tani 300 au zaidi iwe na bima ya kazi hiyo. Hiyo ni haki nzuri. Lakini mvuvi anayedai hasara yake mwenyewe baada ya mafuta kumwagika huulizwa ushahidi: ulikuwa ukivua kilo ngapi, siku gani, wapi? Diko lisilo na daftari la samaki halina la kujibu.

6. Mapendekezo

Kwanza, kaunti itenge ufadhili wa vyeti vya uzamiaji kwa vijana wa vijiji vya pwani, kuanzia cha kwanza hadi cha kuongoza wageni, na wachache wapelekwe kusomea uzamiaji wa kazi na uokoaji. Wenye vituo vya kuzamia Diani waombwe kuwaajiri kwa vyeo vinavyolingana na vyeti hivyo.

Pili, boya za kudumu ziwekwe kwenye Alpha Funguo na kwenye kila sehemu ya matumbawe inayotembelewa. Nanga moja inayotupwa ovyo huvunja kwa dakika matumbawe yaliyokua miongo kadhaa.

Tatu, vyama vya wenye mashua wa Shimoni, Wasini, Gazi na Diani viketi pamoja na mawakala wa meli kabla ya msimu, viandikiane mkataba: mashua zipi, idadi gani ya wageni kwa siku, bei gani, na fungu gani linabaki kijijini. Anayejadiliana peke yake huku abiria wameshashuka kwenye basi hupewa bei ya mnunuzi.

Nne, kila BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, iwe na daftari la samaki la kila siku, na pia daftari la vitu vya kale vinavyoonekana baharini, vikiripotiwa kwa Makavazi bila kuguswa.

Tano, mazoezi ya kukabili mafuta yaliyomwagika yafanyike dikoni, pamoja na wavuvi, kabla ya kusi kuanza.

Sita, chombo kingine kisizamishwe Kwale mpaka tathmini ya mazingira ikamilike na wavuvi wakubaliane kwa maandishi kuhusu mahali pake.

7. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, mitelezo na barafu viko Miami, na vitazidi kuwa vikubwa. Hatuna haja ya kuvionea wivu. Tulicho nacho hakihamishiki, na hilo ndilo linalokipa thamani. Lakini mali isiyohamishika huwa ya anayeijua na kuitunza, hata kama si yeye aliyezaliwa juu yake. Naiomba semina hii isiondoke hapa bila kuanza na pendekezo la kwanza: iundwe kamati, itajwe idadi ya vijana, na ijulikane ada italipwa na nani, ili kaskazi ijayo ikifika tuwe na wazamiaji wetu wa kuwashusha wageni kwenye kamba ile ya Diani.