Insha ya Mtoto Tuipime kwa Haki



Leo tuongee juu ya insha za watoto wetu. Insha ya KCPE, mpaka mtihani ule wa mwisho mwaka wa 2023, ilikuwa inapewa alama kati ya 40. Mtoto akirudi na 14 tulimgombeza, na wengine wetu tulishika kiboko. Lakini hiyo 14 ilimwambia nini? Haikumwonyesha pahali alipokosea.

Tukipeleka mahindi kwa ghala la serikali, hawasemi tu "ni mabaya". Wanapima unyevu, ukizidi asilimia 13.5 unaambiwa uende ukaanike tena. Wanaangalia punje zilizooza, zilizovunjika, na takataka. Kila jambo peke yake. Ukirudi nyumbani unajua kazi iliyobaki.

Vigezo vya kutathmini insha ni hivyo hivyo. Mwalimu anachora jedwali. Upande mmoja anaandika mambo ya kuangaliwa: Je, mtoto amefuata mada? Amepanga aya? Maneno yanafaa? Tahajia na vituo je? Juu anaandika ngazi nne za mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini katika madarasa ya chini mwaka wa 2019: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio.

Tuseme mtoto amesimulia vile ng'ombe alizaa usiku. Habari ni tamu, mpaka unaona taa ikimulika zizini. Lakini ameandika yote mfululizo bila nukta hata moja. Kwa habari amefikia. Kwa vituo yuko mbali. Basi huyu si mjinga. Wiki hii ajifunze nukta, aya zitafuata.

Lakini jedwali likifungiwa kabatini halisaidii mtu. Mtoto alione kabla ya kuandika, kwa maneno anayoelewa. "Kukaribia matarajio" bila maelezo ni ile 14 yetu ya zamani, imebadilisha nguo tu.

Hata wale kati yetu wasiojua kusoma wanaweza kusaidia. Tumwambie mtoto atusomee insha yake kwa sauti. Akiishiwa na pumzi, hapo panataka nukta! Na shule ikiita wazazi, tumwulize mwalimu maswali mawili: Mtoto wangu ameweza nini? Hatua yake inayofuata ni ipi?

Kiboko tukiache, kibaki cha ng'ombe.