Karatasi Iliyokwisha Kazi Ofisini
(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Mtu aliyelelewa katika kihamba cha Uchaggani hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya kukitumia kitu mara ya pili. Majani na mashina ya migomba hukatwa kulishwa ng'ombe wa zizini. Samadi ya ng'ombe hurudishwa penye mgomba na mbuni. Machicha ya mbege hupewa mifugo. Utaratibu huo umewalisha watu wengi katika eneo dogo kwa vizazi vingi. La kushangaza ni kwamba mkulima huyo huyo, akiisha kuvuka barabara kwenda ofisini kwa chama chake, aghalabu hukuta nyuma ya ghala shimo lifukalo moshi, ambamo makatoni ya pembejeo, fomu zilizoharibika na magazeti ya mwaka jana huteketezwa. Pengine huwa kinyume chake: karatasi zote, nzima na mbovu, zimerundikwa chumbani mpaka mchwa watakapozimaliza.

Hapana budi ikumbukwe kwamba karatasi yenyewe ilizaliwa katika taka. Mchina aitwaye Cai Lun, ambaye habari zake huwekwa katika mwaka 105 baada ya Kristo, alitumia magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Huko Ulaya nako, kwa karne nyingi, karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba yaliyokusanywa mitaani. Miti haikuanza kukatwa kwa wingi kwa ajili ya karatasi ila kuanzia katikati ya karne ya 19. Basi mtu akidai kwamba kutengeneza karatasi kwa takataka ni mambo mapya ya siku hizi, na aambiwe kwamba jambo jipya ni kule kukata miti.

Katika Afrika Mashariki vinu vikubwa vya karatasi itokanayo na miti havikuwa vingi, na historia yake ina mafunzo. Kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza kazi mwaka 1985 kikitumia misindano na mikaratusi ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Kilikusudiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka, lakini kilipata taabu nyingi na kusimama, hata kikauzwa kwa wenye mali wengine katika miaka ya 2000. Kile cha Webuye, nchini Kenya, kilichoanza uzalishaji mwaka 1974, kilifungwa mwaka 2009 na kufufuliwa baadaye. Kinu cha namna hiyo hudai msitu mkubwa, maji mengi, umeme usiokatika na fedha nyingi. Hata hivyo chenyewe kina hekima ya kihamba ndani yake. Mti ukipikwa kwa dawa, nusu tu ya uzito wake ndiyo inayotoka ikiwa nyuzi za karatasi. Nusu ya pili hubaki katika maji meusi, nayo hukaushwa na kuchomwa tanurini: mvuke wake huendesha mitambo, na dawa zilizotumika hukusanywa tena katika majivu ili zipikie miti mingine. Kiwanda kinachomwaga maji hayo mtoni hupoteza fedha zake pamoja na kuwaua samaki.

Kinu cha karatasi kuukuu ni kidogo zaidi na kazi yake ni nyepesi kueleweka. Karatasi hutiwa katika pipa kubwa la maji na kukorogwa mpaka iwe kama uji. Uji huo huchujwa ili pini, mchanga na vipande vya plastiki vitoke. Ikiwa karatasi nyeupe ndiyo inayotakiwa, wino nao huoshwa. Kisha uji hutandazwa juu ya wavu, maji hushuka, na utandu unaobaki hukamuliwa na kukaushwa. Kila mara nyuzi zinapopita katika safari hiyo hukatika na kuwa fupi, hivyo baada ya mara tano hadi saba hivi huwa hazishikani tena. Ndiyo sababu karatasi nzuri ya kuandikia hushuka daraja ikawa ya gazeti, kisha katoni, na mwisho wake ikawa treya ya mayai.

Treya ya mayai ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi na vyama vya huku. Uji wake haudai weupe wala uzuri. Magazeti na makatoni yanatosha, na mitambo yake hupatikana kwa ukubwa mbalimbali. Wafugaji wa kuku wa mitelemkoni huzihitaji treya kila wiki.

Sasa juu ya uchambuzi, maana hapo ndipo bei ipatikanapo au ipoteapo. Karatasi nyeupe za ofisini na ziwekwe peke yake, makatoni peke yake, magazeti peke yake. Karatasi za kaboni, karatasi zilizopakwa nta au plastiki, na gundi za utepe zisichanganywe humo. Mfuko wa saruji wenye utando wa plastiki, na uliobaki na unga wake, huharibu uji mzima. Katoni iliyomwagikiwa dawa ya wadudu wa mibuni haifai kuuzwa, wala kutandikwa bandani, wala kuwashia moto jikoni. Hiyo hufuata maagizo ya utupaji wa dawa yenyewe. Kadhalika zile risiti laini za mashine za kodi, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, si karatasi ya kawaida: zimepakwa dawa inayogeuka rangi kwa joto. Hazifai kurudishwa kinuni, na maandishi yake hufifia, kwa hiyo katibu mwangalifu huzitoa nakala siku ile ile azipokeapo.

Neno hilo laongoza kwenye jambo zito kuliko yote. Si kila karatasi kuukuu imekwisha kazi. Mkulima wa kahawa hakuzoea kulipwa mara moja. Alipokea malipo ya awali alipopima kahawa yake ya maganda, kisha akangoja malipo ya pili, na pengine ya tatu, baada ya mnada. Katika kungoja huko hana silaha nyingine ila stakabadhi yake na mstari mmoja katika daftari la chama. Stakabadhi ya nyumbani hulowa au hupotea. Daftari ndilo shahidi anayebaki. Kadhalika mjane au mtoto anayedai hisa za marehemu hatapata haki yake iwapo rejista ya wanachama imeuzwa kwa kilo. Tena mambo hubadilika. Vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, na KNCU, iliyokuwa imeandikishwa tangu 1933, haikurudi mpaka 1984, baada ya sheria ya 1982. Katika mabadiliko kama yale, chama chenye vitabu vyake husema kwa ushahidi. Kisicho navyo husema kwa kumbukumbu za wazee, ambazo hazikubaliani.

Kwa hiyo rejista ya wanachama, mihutasari ya mikutano, leja na hati za mali hazina siku ya kuuzwa. Vocha na stakabadhi ambazo hesabu zake zimekaguliwa zaweza kuondolewa, lakini si kwa uamuzi wa katibu peke yake, hata awe mwaminifu namna gani: kamati na iazimie, Afisa Ushirika aulizwe, orodha iandikwe. Na zikiisha kuruhusiwa zisitolewe nzima nzima. Karatasi yenye jina la mwanachama, kilo zake na fedha zake haipaswi kuonekana sokoni imefungiwa karanga. Dawa yake ni rahisi: pipa la maji nyuma ya ofisi. Karatasi zikilowa usiku kucha na kupondwa asubuhi, hakuna awezaye kusoma kitu.

Uji huo wa pipani si wa kumwagwa. Ukichanganywa na pumba za kahawa zitokazo katika ukoboaji, au na unga wa mbao, kisha ukakamuliwa katika kalibu ya mkono na kuanikwa, hutoa vitofali vya kuni. Hapa karatasi ni gundi, na pumba ndizo moto. Vitofali hivyo huhitaji siku kadhaa za jua kali, na vikitumiwa vibichi hutoa moshi wa kuudhi. Mtu asiviuze kabla havijakauka ndani. Faida yake hujulikana na mama wa nyumba za juu, karibu na msitu. Ukanda wa nusu maili uliotengwa zamani ili wananchi wapate kuni na miti ya kujengea haukutosha, na mwaka 2005 msitu wa mlimani uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa.

Huenda mtu akauliza mbona makapi ya miwa ya TPC, kule Arusha Chini, yasifanywe karatasi, ilhali Wahindi hufanya hivyo. Ni kweli, huko Tamil Nadu kiko kinu cha makapi kilichoanza uzalishaji katika miaka ya 1980. Lakini kinu hicho huvipa viwanda vya sukari mvuke au nishati badala ya makapi yanayochukuliwa, kwa sababu makapi hayo ndiyo kuni za kiwanda cha sukari. TPC nayo huchoma makapi yake kupata mvuke na umeme. Hayo basi si taka yanayongoja mwenyewe, tofauti na katoni iliyo shimoni.

Imebaki njia ya kuyafikisha mjini. Karatasi ni nyepesi na nauli ni nzito. Chama kimoja kikikodi gari kwa marobota matano, nauli itakula bei yote. Lakini lori lililopandisha mbolea hurudi Moshi tupu. Vyama vitatu au vinne vya barabara moja vikikubaliana siku moja katika miezi miwili, mzigo hutosha. Kila chama kipime marobota yake kwa mizani ya kahawa kabla hayajapakiwa, kiandike uzito katika hati mbili, na fedha zinazopatikana ziingizwe katika kitabu cha mapato kwa stakabadhi, hata zikiwa kidogo. Wakati wa masika marobota yafunikwe turubai na kuinuliwa juu ya mbao, maana mnunuzi akikuta karatasi mbichi hukata uzito kwa kukisia, na makisio yake hayajapata kumpendelea mkulima.